Mjadala: Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa nani?

Mtoa hoja: Katika maelekezo ya jukwaani, kulia na kushoto kuhesabiwe kwa upande wa mwigizaji anayeikabili hadhira, au kwa upande wa mtazamaji? Waingereza na Wamarekani humfuata mwigizaji, ilhali Wajerumani kwa desturi humfuata mtazamaji. Nasimama na mwigizaji, kwa sababu yeye ndiye anayetembea, na mtu anayekariri maneno huku akibeba trei yenye vikombe hapaswi kuongezewa kazi ya kugeuza pande kichwani.

Mchangiaji wa kwanza: Sikubaliani nawe. Mwongozaji na fundi wa taa hukaa wakiutazama mchezo kutoka mbele, na mwigizaji mwenyewe akiipa hadhira mgongo, kulia kwa jukwaa hakumo tena kwenye mkono wake wa kulia, hivyo kazi ya kugeuza pande unayotaka kumwondolea inabaki palepale. Afadhali Wafaransa. Comédie-Française, kundi lao mashuhuri la maigizo, ilipohamia katika kasri la Tuileries jijini Paris mwaka 1770, ukumbi wake ulikuwa kati ya ua na bustani, na hadi leo wao huita kushoto kwa mwigizaji upande wa ua, na kulia kwake upande wa bustani. Geuka utakavyo, bustani haihami.

Mchangiaji wa pili: Mnabishania pande mbili tu, wakati mbele na nyuma ndiko kunakoharibu mazoezi. Mwambie mwigizaji mgeni arudi nyuma ya jukwaa, naye atapita pazia na kutoweka kabisa, ingawa ulitaka hatua tatu tu kuelekea ukuta wa mwisho. Zamani, majukwaa mengi ya Ulaya yalipojengwa kwa mteremko kuelekea hadhira, ilitosha kusema juu au chini. Kwenye sakafu iliyo sawa napendekeza tuseme kina cha jukwaa na ukingo wa jukwaa.

Mtoa hoja: Hilo la kina nalikubali, ila la bustani bado linataka kukaririwa. Na jukwaa la duara je, lisilo na mbele wala nyuma?

Mchangiaji wa pili: Huko wengi hutumia uso wa saa, ila kwa Kiswahili tutaje namba iliyoandikwa, si saa inayosomwa, kwa kuwa ukisema “nenda saa tisa”, mmoja ataifuata tisa na mwenzake ataifuata tatu, wakajikuta kwenye kingo mbili zinazotazamana.