Viza ya mama kwenda Ujerumani: wakala anataka milioni 3.8 bila tiketi. Hizi hesabu zinatoka wapi?

KijanaWaCheyo

Wakuu, shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi. Niko Tabora mjini, nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo mfuko wangu mnaujua.

Dada yangu ameolewa Ujerumani, mtoto wa kwanza anatarajiwa mwezi wa sita. Anataka mama aende akamkande, amsaidie mtoto, akae naye kama miezi sita hivi. Mama ana miaka 61, anaishi Urambo, analima tumbaku. Pasipoti hana. Safari yake ndefu kuliko zote ni Mwanza, na alikwenda msibani.

Nimeunganishwa na jamaa mmoja yuko Dar, anashughulika na viza. Anasema kifurushi chake ni 3,800,000, tiketi ya ndege haimo, ila viza ni "ya uhakika". Nilipomwomba mchanganuo akanijibu: "Mwalimu, unataka viza au unataka risiti?"

Nimejumlisha mwenyewe mara tatu, sifiki hata nusu ya hiyo hela. Ama kuna kitu nimekisahau, ama nataka kupigwa. Waliopita njia hii nisaidieni. Nawasilisha.

Fundi_Reli

Nimekaa mbele kabisa, ngoja waje wajuzi.

Mgebuka_Mkavu

Mwalimu, salamu kutoka mwisho wa reli. Utani kando leo, maana Mnyamwezi akipoteza 3.8 nitacheka mpaka mwakani na sitaki hiyo dhambi.

Anza na pasipoti. Ada ni 150,000 na inalipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, humpi mtu mkononi. Fomu unajaza mtandaoni, unachapisha, mnakwenda Uhamiaji hapo hapo Tabora. Dar ya nini? Pasipoti haikutafuni kwa ada, inakutafuna kwa makaratasi. Kitambulisho cha NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi wake mmojawapo au kiapo, barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mama wa miaka 61 aliyezaliwa kijijini, cheti cha kuzaliwa anacho? Na cha bibi yako? Hapo ndipo mtarudi mara tatu kama hamkujiandaa, na nauli ya Urambo hadi mjini mara tatu nayo ni hela. Sisi wa huku mpakani tumezoea, ukiulizwa habari za babu unafungua bahasha tu.

Na angalia jina liandikwe sawa kwenye kila karatasi. Mimi NIDA ilikuwa na "Ramadhani", cheti kina "Ramadhan". Herufi moja ilinila wiki mbili na kiapo cha wakili.

KaratasiNyingi

Nimewasindikiza wazazi wawili kwa nyakati tofauti, wangu na wa mke wangu, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo.

Kwanza ondoa miezi sita kichwani. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani ikiwemo, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, haijalishi dada analia kiasi gani. Mkijaza fomu mkaandika miezi sita mmeshajikwaa mlangoni.

Ada yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima, ilipanda kutoka 80 mwezi wa Juni 2024. Tuchukulie euro moja ni shilingi 2,900, hiyo ni 261,000. Kama maombi yanapokelewa kupitia kituo cha huduma, kuna ada ya huduma juu yake, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya ada ya viza. Weka 130,500 kabisa usiumie. Bima ya safari ni lazima, ifike angalau euro 30,000 za matibabu na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Bei yake inategemea umri na idadi ya siku, kwa hiyo ulizia sehemu tatu, na uliza swali hili: viza ikikataliwa mnarudisha hela?

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakitaki kusikia. Hizo euro 90 si bei ya viza. Ni malipo ya kusomewa makaratasi yako. Wakikukatalia hazirudi, na wakikubali huongezi hata senti. Ndiyo maana mtu akikuuzia viza "ya uhakika" anakuuzia kitu ambacho si chake, kiko mezani kwa ofisa ambaye hata hamjui.

MamaWaUjiji

Mwanangu mwalimu, soma hapo kwa KaratasiNyingi mara mbili.

Mimi binti yangu alitaka kwenda kumtembelea shangazi yake Ulaya. Nikatoa milioni mbili kwa wakala, tena kwa furaha, nikiona nimeokoa usumbufu. Yule bwana akamtengenezea taarifa ya benki yenye milioni kumi na nane. Binti yangu anauza vitenge sokoni Kigoma! Dirishani akaulizwa swali moja tu, hizi hela ziliingia lini na zilitoka wapi. Akatoa macho. Alikataliwa, na barua ya kukataliwa ikasema taarifa zake haziaminiki. Hela ya wakala haikurudi, na simu yangu hapokei mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba karatasi zetu za kweli zilikuwa zinatosha. Shangazi mtu alikuwa tayari kumdhamini.

KijanaWaCheyo

Mama yangu pole sana. Na asante, kwa sababu jana usiku nilimbana yule jamaa akanitumia mchanganuo kwa meseji. Naunakili:

Viza 600,000. Dhamana ya benki 1,200,000. Mfumo wa ETIAS 300,000. Bima 400,000. Mtu wa ndani 800,000. Usumbufu 500,000.

Hiyo dhamana ya benki anasema ataweka hela kwenye akaunti ya mama kwa siku kumi halafu anazitoa.

Fundi_Reli

"Usumbufu 500,000" 😂 angalau hapo amekuwa mkweli.

KaratasiNyingi

Mwalimu, tusahihishe huu mtihani pamoja.

ETIAS haimhusu mama kabisa. Ni kibali cha watu wa nchi zisizohitaji viza ya Schengen, Mmarekani kwa mfano. Anayeomba viza haombi ETIAS. Kuna utaratibu mwingine mpya, ulioanza Oktoba 2025, ambapo mgeni anasajiliwa kwa picha na alama za vidole mpakani badala ya kugongewa muhuri. Huo ni bure na unafanyika akishafika.

Mtu wa ndani: huyo ni rushwa au ni hewa. Vyovyote vile mama yako ndiye atakayebaki na doa.

Hela ya kuazima kwenye akaunti ndiyo hiyo hiyo iliyomponza binti wa Ujiji. Wanaangalia miezi kadhaa nyuma, na salio lililovimba ghafla linaonekana kama kidonda usoni.

Dhamana ya kweli ipo, na dada yako ndiye anaishughulikia huko huko. Anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na mikataba yake ya kazi na hati za mshahara, anasaini kwamba gharama zote za mgeni ni juu yake. Kwa Kijerumani inaitwa Verpflichtungserklärung, usijisumbue kuitamka. Ada yake ni euro 29, yaani kama 84,000. Linganisha na 1,200,000 ya rafiki yako. Asiichukue mapema mno, itumike ndani ya miezi sita.

Baada ya hapo ofisa hahangaiki sana na mama ana shilingi ngapi. Anahangaika na swali moja: huyu mama atarudi? Mama ana nini Urambo?

KijanaWaCheyo

Ana nyumba, ekari nne za tumbaku, ng'ombe wawili, na ni mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Hela za tumbaku zinaingia benki mara moja kwa msimu, miezi mingine akaunti inalala. Nilidhani hilo ni tatizo.

Mgebuka_Mkavu

Tatizo ni kuificha. AMCOS wamwandikie barua: huyu ni mwanachama tangu mwaka fulani, anauza tumbaku, analipwa mara moja kwa msimu kupitia akaunti hii. Basi salio la kupanda na kushuka linapata maelezo. Barua ya kijiji kuhusu shamba na nyumba iambatane. Hakuna mkulima anayetupa ekari nne akaoshe vyombo Ulaya akiwa na miaka 61.

Barua hizo zitakuwa za Kiswahili, kwa hiyo weka hela ya tafsiri. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri na kuthibitisha tafsiri. Hii ndiyo gharama ambayo kila mtu anaisahau, na inahesabiwa kwa ukurasa. Chagua karatasi zinazosema kitu, usitafsiri mpaka kadi ya kliniki.

Picha pia. Za pasipoti yetu ni mandhari ya bluu, wao wanataka nyeupe au kijivu hafifu. Piga zote siku moja kwa mpiga picha mmoja.

Msafiri_wa_Isevya

Nauli jamani, mbona mnairuka? Mtu wa Dar viza kwake ni bodaboda, sisi ni safari.

Mama lazima aende mwenyewe mara ya kwanza, kwa sababu ya alama za vidole. Zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Lakini kurudi kuchukua pasipoti si lazima aende yeye. Uliza mapema kama mtu mwenye barua ya idhini anaweza kuichukua, utaokoa nauli ya watu wawili na gesti.

Mimi siku hizi napanda basi mpaka Dodoma halafu treni ya SGR hadi Dar, daraja la kawaida nililipa 31,000. Mama wa miaka 61 miguu haivimbi kama kwenye basi la moja kwa moja. Mfike siku moja kabla. Mkiikosa miadi ya asubuhi mnaweza kusubiri nyingine wiki nzima mkila hela ya viza.

Ubalozi uko Umoja House, kwenye Mtaa wa Mirambo. Mama akitoka Urambo akafika Mtaa wa Mirambo asiseme yuko ugenini 😄

KijanaWaCheyo

Nimekaa na kalamu. Nisahihisheni.

Pasipoti 150,000. Viza 261,000. Ada ya huduma 130,500. Bima nimeulizia ya siku 90, bei ya chini niliyopata ni 240,000. Tafsiri nimetenga 100,000. Picha na fotokopi 30,000. Safari ya Dar watu wawili kwenda na kurudi, kulala na kula, pamoja na mimi kurudi peke yangu kuchukua pasipoti, 480,000. Jumla 1,391,500.

KaratasiNyingi

Umefanya vizuri. Ongeza mstari mmoja: kukataliwa. Zamani Ujerumani ikikunyima uliandika barua ya kupinga, bila malipo, wakakupitia upya. Utaratibu huo umefutwa tangu Julai 1, 2025. Sasa ni kuomba upya kwa ada mpya, au kwenda mahakamani Berlin, na Berlin hatuendi. Kwa hiyo tenga 391,500 nyingine za viza na huduma. Inakuwa 1,783,000. Isipotumika, inaingia kwenye tiketi.

Na tiketi msiinunue kabla ya viza. Wanataka kuona nafasi iliyoshikwa tu. Nimeona watu wamelipa tiketi nzima "kumshawishi" ofisa. Hashawishiki.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usicheze na hizo 15.

Mwenye_Shemeji_Mzungu

Mbona mnamtoza bure? Mama mkwe wa raia wa Ulaya halipi viza. Kuna sheria.

KaratasiNyingi

Sheria ipo, ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, ila mnainukuu nusu. Inafanya kazi pale raia wa nchi moja ya Umoja anapoishi nchi nyingine ya Umoja. Mjerumani anayeishi kwao Ujerumani haimhusu. Mwalimu, shemeji yako ni Mjerumani?

KijanaWaCheyo

Mkuu umenitoa jasho. Ni Mholanzi. Anafanya kazi Düsseldorf.

KaratasiNyingi

Ooh. Basi uzi umegeuka.

Hapo mama anaweza kuomba kama ndugu wa raia wa Umoja: ada hakuna, bima hadaiwi, na maombi yanatakiwa kushughulikiwa haraka. Wataleta cheti cha ndoa, pasipoti ya shemeji na uthibitisho kwamba anaishi Ujerumani. Lakini kuna sharti zito. Mzazi lazima awe mtegemezi wao, yaani anaishi kwa hela wanazomtumia, na muonyeshe risiti za kutumiwa.

Dada anatuma hela kila mwezi?

KijanaWaCheyo

Anatuma, laki mbili mbili.

KaratasiNyingi

Sasa hapo ndipo pa kufikiri. Bahasha moja haiwezi kusema mama ni mkulima mwenye ekari nne na mapato yake, halafu ikasema anaishi kwa laki mbili za binti. Moja kati ya hizo ndiyo kweli zaidi. Ukiokoa euro 90 kwa maelezo yasiyo yake, umefanya alichofanya wakala, ila kwa bei nafuu. Bima hata kama hadaiwi mimi ningemkatia, hospitali za kule si za kuchezea.

MamaWaUjiji

Muulizeni mwenyewe mama. Mnapanga kama hayupo.

KijanaWaCheyo

Mrejesho, wakuu. Nimempigia mama jioni hii, nikamweleza njia zote mbili taratibu. Nilipofika kwenye neno "mtegemezi" akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akasema: "Mwambie dada yako na mumewe, hizo laki mbili nawalipia vibarua. Mtegemezi ni yule anayeniomba nikamlelee mtoto."

Kwa hiyo tunalipa euro 90. Jumatatu naenda Urambo, tunaanza na kiapo cha kuzaliwa. Yule jamaa wa Dar nimemjibu kwamba nilikuwa nataka risiti.