Naombeni ushauri: kazi za JavaScript hazisubiriani

MgeniWaNode: Habari za jioni, wakuu. Ninatengeneza, kwa lugha ya JavaScript, programu ya VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) inayosoma salio la mfuko, kuongeza mchango wa mwanachama, kisha kuandika salio jipya. Nimeweka await, neno la kuiambia programu isubiri kazi iishe, kila mahali, lakini wanachama 30 wakichangia 5,000 kila mmoja, mfuko wa 600,000 unaishia 605,000 badala ya 750,000. Je, hifadhidata ndiyo mbovu?

BintiPangani: Usiisingizie hifadhidata. Tuoneshe kitanzi ulichotumia kurudia kazi kwa kila mwanachama.

MzeeWaKolbeki: Sisi tulioanza kabla ya promisi (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) kuingia rasmi kwenye lugha mwaka 2015 tulipanga kolbeki (kazi inayoitwa nyingine ikiisha) ndani ya kolbeki hadi msimbo ukainama kama mnazi wa pwani. Ninyi mmeletewa async na await tangu 2017, na bado mnalia.

BintiPangani: Shikamoo, mzee, lakini kijana hajajibu.

MgeniWaNode: Ni forEach. Hata hivyo, nimeshamchelewesha kila mwanachama sekunde mbili nyuma ya mwenzake kwa setTimeout, amri ya kuahirisha kazi, na hesabu sasa inatimia, kwa hiyo sioni haja ya kuandika upya.

BintiPangani: forEach haisubiri promisi. Huanzisha kazi zote 30 papo hapo, zote zikasoma 600,000 kabla hata moja haijaandika, kisha kila moja ikaandika 605,000 juu ya nyingine. Promise.all, inayokusanya promisi nyingi pamoja, nayo husubiri zote ziishe bila kuzipanga foleni. Tumia kitanzi cha for...of chenye await ndani, kinachomaliza mmoja kabla ya kuanza mwingine, kwani siku mtandao ukizembea sekunde tatu, setTimeout yako itameza mchango wa mtu.

FundiSeva: Hadithi hii imetungwa. Ni VICOBA gani ambamo wanachama wote hununua hisa sawasawa? Hili ni swali la usaili, nanyi mnamfanyia mtu mtihani.

MgeniWaNode: Si usaili, mkuu. Namba nilizirahisisha ili nieleweke. Ukweli ni kwamba programu inatumika tangu mwezi uliopita, na mweka hazina ni mama mkwe wangu.

MzeeWaKolbeki: Pole sana, mwanangu. Nimefuta utani wangu.

BintiPangani: Basi hata for...of haitoshi, maana watu wawili wakiingiza michango kwa simu mbili tatizo litarudi. Iache hifadhidata ijumlishe yenyewe, salio = salio + mchango, ndani ya UPDATE moja, yaani amri moja ya kubadilisha data. Je, ulihifadhi kila mchango, au jumla tu?

MgeniWaNode: Nilihifadhi jumla tu.

MzeeWaKolbeki: Daftari la mama mkwe lipo?

MgeniWaNode: Lipo, na kesho anakuja nalo kikaoni.