Wakuu, skripti yangu imefanana mno na Pushing Daisies. Niitupe?

Mwanakalamu:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoandika skripti.

Mwaka jana nilivunjika mguu. Nikiwa kitandani nikamaliza Pushing Daisies yote, vipindi 22, kwa siku nne. Kwa wasioijua, ni tamthilia ya Bryan Fuller wa Marekani, ilirushwa na ABC kuanzia 2007 hadi 2009. Ned ni mpika pai. Akigusa kilichokufa kinafufuka, akikigusa tena kinakufa moja kwa moja. Na aliyefufuka akipitisha dakika moja, kuna mwingine karibu hapo anakufa badala yake. Ned anamfufua Chuck, msichana aliyempenda utotoni, na kuanzia hapo wako pamoja lakini hawawezi hata kupeana mkono. Pembeni ana dili na mpelelezi binafsi: wanamwamsha marehemu, wanamuuliza nani kakuua, wanachukua donge nono lililotangazwa.

Nikaandika yangu. Sudi, muuza chipsi wa Temeke, akigusa maiti inaamka. Nikampelekea prodyuza mmoja (jina kapuni). Kasoma kurasa tatu, akanirudishia: "Umetoa pai umeweka chipsi."

Je, huu ni wizi? Halafu watu wawili walioisoma wamesema kuchekesha juu ya kifo, kwetu haipendezi. Nawasilisha.

Kitasa:
Chipsi kavu au mayai? Tuanzie hapo.

Wakili wa Kijiweni:
Mkuu, kisheria lala usingizi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kazi yenyewe ilivyoandikwa. Mtu anayefufua wafu hana mwenyewe. Ila ukichukua na ile dakika moja, na mchumba asiyegusika, na mpelelezi, hapo unanitafutia kazi.

Mwanakalamu:
Mpelelezi yupo. Nimemfanya polisi jamii.

Kitasa:
😂😂 Mtafutie wakili kabisa.

Mama Pazia:
Mdogo wangu, huyo prodyuza kasema kweli ila kaishia njiani. Tatizo si kwamba Sudi anafufua. Tatizo ni kwamba kufufua hakumuumi.

Rudi kipindi cha kwanza. Ned ni mtoto, mama yake anaanguka jikoni, amekufa. Anamgusa, mama anainuka na kuendelea na mapishi yake. Dakika inapita, nyumba ya pili baba yake Chuck anadondoka. Usiku mama anainama kumbusu mwanawe alale, na hapo hapo anakufa, safari hii harudi. Mtoto yule kajua kabla hajaota ndevu kwamba busu linaua. Ndiyo maana ukubwani anajiweka mbali na kila mtu. Uchawi ule ulikatwa kwa kipimo cha Ned. Ukimvisha Sudi unampwaya.

Halafu tazama yale madogo. Matunda ya pai zake ni yaliyooza, anayagusa yanakuwa kama yamechumwa asubuhi. Kwa hiyo pai zake mwenyewe hali, maana zitamuozea mdomoni. Kuna mahali yeye na Chuck wamesimama, kila mmoja kajishika mikono nyuma ya mgongo, anajifanya ameshika wa mwenzake. Nilicheka, machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu.

Na Fuller naye wazo hili hakuliokota hewani. Alilianzia kwenye tamthilia yake ya nyuma, Dead Like Me ya 2003, ya msichana aliyeuawa na kiti cha choo kilichodondoka kutoka kituo cha anga cha Mir, akapewa kazi ya kutoa roho za watu. Kazi yenyewe haina mshahara, kwa hiyo binti inabidi akaajiriwe ofisini! Mwone anavyoshika jambo kubwa kwa mkono wa kawaida.

Sasa nijibu: Sudi anaogopa nini?

Mjukuu wa Mnyamwezi:
Nani kasema kwetu hatucheki kwenye kifo? Hao hawajawahi kukutana na watani? Bibi yetu alipofariki, mtani mmoja alivaa kanga zake, kashika mkongojo wake, anapita turubai zima na ile sauti yake: "Nani kamaliza sukari yangu?" Mwingine kashuka kaburini, hatoki mpaka apewe hela. Mama yangu alikuwa analia na kucheka kwa pumzi moja.

Fundi Kebo:
Naongezea la mfukoni. Pamoja na tuzo za Emmy, Pushing Daisies ilikatwa baada ya misimu miwili, na mgomo wa waandishi ulishaubakisha msimu wa kwanza na vipindi 9. Sisi tusio na bajeti ndiyo kabisa. Andika maajabu yasiyohitaji kompyuta.

Mwanakalamu:
Mama Pazia, swali lako nimelala nalo siku mbili. Sudi anaogopa madeni. Baba yake alipozikwa lilitolewa lile tangazo, "anayemdai marehemu awaone wanafamilia," na foleni ikafika barabarani.

Kwa hiyo mkono nimeutupa, na polisi jamii pia. Sudi sasa ni mtani. Akimwigiza marehemu msibani, marehemu anakuja kwenye ulimi wake kweli, na hatoki mpaka deni lake moja lilipwe. Wafiwa wakishindwa, analibeba Sudi. Watu wanapiga makofi wanadhani ni uigizaji, yeye anatetemeka anahesabu.

Mama Pazia:
Hapo sasa. Ila baba yake usimlete kipindi cha kwanza. Tuweke tukimsubiri.

Kitasa:
Na chipsi?

Mwanakalamu:
Zipo. Anakopesha.