Tupeane uzoefu: nyanya za uani zilikukubali baada ya kurekebisha nini?

#1 (mwanzisha uzi)
Wadau, naomba tukusanye hapa uzoefu wa nyanya za nyumbani, yaani mashina 6 mpaka 20, siyo za ekari. Sema ulikosea wapi, mmea ulionyesha dalili gani, na ulirekebisha nini.

Naanza mimi. Msimu wa kwanza nilipanda mashina 12. Yalistawi, yakatoa maua, matunda yakafikia ukubwa wa yai. Asubuhi moja nageuza tunda nakuta kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama kipande cha ngozi. Nikajua ni ukungu, nikapulizia dawa mara mbili. Wapi! Matunda yaliendelea kuharibika.

Tatizo lilikuwa maji. Nilikuwa namwagilia nikikumbuka: siku 3 kukavu, ya 4 nafurikisha. Kuoza kitako hakuletwi na kimelea chochote. Tunda linakosa kalsiamu, na kalsiamu husafiri na maji. Udongo unaweza kuwa nayo tele, lakini maji yakiwa ya leo yapo kesho hayapo, kitako ndicho kinachokosa. Msimu uliofuata sikubadilisha mbegu wala mbolea. Nilitandaza majani makavu unene wa vidole 4, nikaacha nafasi kidogo kuzunguka shina yasiligandamie. Kila asubuhi nachomeka kidole ardhini. Nikikuta pakavu mpaka kiungo cha pili, namwagilia shinani taratibu hadi chini palowane. Majani siyagusi na maji, maana majani yaliyolowa ndiyo yanayokaribisha bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Matunda mawili matatu ya mwanzo yalipata weusi, mengine yote yalitoka safi.

Nani anafuata?

#2
Pole mkuu. Mimi wangu ulikuwa mnyauko, na bado unaniuma. Mchana mmea umelegea, jioni umeinuka. Siku ya tatu haukuinuka tena, na majani bado ya kijani kabisa. Nikadhani kiu, nikazidisha maji, ukafuata wa jirani yake.

Mzee mmoja mtaani akaniambia: kata shina karibu na ardhi, ning'iniza kipande kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Nikafanya. Dakika chache tu, kwenye ule mkato kukaanza kushuka kitu cheupe kama uzi wa maziwa. Huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya kuuponya haipo, na bakteria wake hukaa ardhini miaka. Hapo hapo nilikuwa nimetoka kuvuna biringanya, ambazo ni ukoo mmoja na nyanya, pamoja na pilipili na viazi mviringo.

Niling'oa yote na mizizi yake nikachoma, sikuyatupa kwenye shimo la mboji. Tuta lile sasa nalima mahindi na vitunguu. Nyanya nimezihamishia kwenye ndoo za lita 20 zenye matundu chini, shina moja kila ndoo, udongo kutoka mahali pengine. Kisu na jembe naviosha kabla ya kwenda kwenye ndoo. Huu ni msimu wa tatu, sijapoteza shina hata moja.

#3
Mimi samadi ya kuku. Niliweka nyingi nikidhani nazitendea wema. Mimea ikanizidi kimo, majani kijani kibichi mpaka kinang'aa, matunda hesabu ya vidole. Naitrojeni ikizidi, mmea unashughulika na majani. Sasa naweka kidogo tena iliyoiva, mwezi mmoja kabla ya kupanda.

#4
Nyongeza kwenye miche. Yangu ilirefuka miembamba kwa kukosa mwanga, nikataka kuitupa. Dada yangu akanizuia, akasema izamishe. Tukatoa majani ya chini, tukafukia shina mpaka karibu na majani ya juu. Shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Baada ya wiki 2 ilikuwa imara kuliko ile mifupi.

Na jamani, kabla hujapogoa, jua mbegu yako. Aina ndefu inayopanda kijiti ng'oa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina. Aina fupi iache. Mimi niliipogoa ile fupi na nilikata matunda yangu mwenyewe.

#5
Naomba msaada. Maua yangu yanapukutika, samadi sikuzidisha, maji yapo.

#1
Ndugu, huko joto likoje? Mchana likizidi nyuzi 35, au usiku usipopoa chini ya 24, chavua (ule unga wa ua unaofanya tunda litunge) inaharibika na ua linaanguka. Weka kivuli chepesi saa za jua kali, na asubuhi umande ukikauka gonga kijiti polepole, chavua ianguke.

#5
Usiku hakulaliki kwa joto, kwa hiyo ndiyo hiyo. Chandarua nimefunga leo upande wa magharibi. Kuna kichala kimoja cha chini kimeshika vitunda 3, vidogo kama punje za pilipili manga. Nitaleta mrejesho baada ya wiki 2.