Tupeane uzoefu: Kwaresima umejinyima nini, na kanisani kwenu wanaionaje?

MnyaNjombe
Kamwene wakuu. Jumatano ya Majivu imepita, na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, ndiyo kwanza umekolea. Mtihani wetu sisi wa huku uko hapo kila mwaka. Mwanzi unagemwa wakati wa mvua, kwa hiyo Kwaresima yote inaangukia katikati ya msimu. Mtu wa Dar akiacha bia ataikuta dukani Pasaka ikifika. Sisi tukirudi, ulanzi unaelekea ukingoni.

Jana nimepita kilabuni nikamkuta mzee mmoja wa jumuiya yetu amekaa na wenzake, yeye ana soda. Wanamtania, ametulia tu. Nikamkumbuka baba. Marehemu baba hakuacha kugema wakati wa Kwaresima, maana mwanzi usipokatwa upya asubuhi na jioni unaacha kutoa. Alikuwa anashuka bondeni, anarudi na mbeta, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, zimejaa, povu linachungulia mdomoni, harufu ile mnaijua, na haonji hata tone. Mama anauza, hela yote inaingia kwenye bahasha ya Kwaresima. Mpaka leo naamini huko ndiko kujinyima.

Mwaka huu nasikia mmoja kaacha Facebook, mwingine sukari, na mlokole wa ofisini kwetu anasema yote hayo ni mapokeo ya wanadamu. Haya, leteni. Uliacha nini, ilikuwaje, na kwenu wanasemaje?

Fundi wa Sido
Sukari. Chai kavu asubuhi ya Mbeya mvua inanyesha, wewe acha tu.

BintiTosa
Umenikumbusha bweni. Nilisoma kwa masista. Kila Ijumaa ya Kwaresima maharage yalipikwa bila mafuta, na Njia ya Msalaba tunapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Tulikuwa tunanung'unika sana. Halafu kabla ya Pasaka sista anatupeleka kijijini na magunia ya unga na sabuni, anatuambia hayo ndiyo mafuta yenu ya kila Ijumaa. Kuna bibi alipokea mche wa sabuni akaunusa kwanza, akaubana kifuani. Tangu siku hiyo sikununa tena mezani.

Mtumishi Uyole
Bwana asifiwe wapendwa. Sisi kufunga tunafunga, tena kavu, bila maji, ila hatusubiri kalenda ituambie. Nionyesheni neno Kwaresima kwenye Biblia. Wakolosai 2:16 inasema mtu asituhukumu kwa vyakula wala vinywaji wala sikukuu. Na Mathayo 6 Yesu anasema ukifunga nawa uso ili watu wasijue. Nyie mnapaka majivu, mji mzima unajua.

Katekista Mstaafu
Mtumishi, salaam. Hiyo Mathayo 6 ndiyo Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu yenyewe, dakika chache kabla ya kupakwa. Hatujaikwepa, tunaisikia kila mwaka. Na Wakolosai inasema mtu asiwahukumu ninyi. Sasa wewe hapa unafanya nini?

Wakatoliki wenzangu nao wajue, sheria inadai kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na viwili vidogo vinaruhusiwa. Inamhusu mwenye miaka 18 mpaka 59. Kuacha nyama siku ya Ijumaa kunaanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, hao hawabanwi. Hayo mengine, ulanzi, sukari, simu, ni sadaka ya hiari. Nimeona wazee wenye kisukari wanajitesa mchana kutwa wakidhani padre ameagiza. Hajaagiza.

Kijana wa Mwanjelwa
Na Jumapili je? Mimi nimeacha kitimoto, ila wenzangu wanasema Jumapili ruksa.

Katekista Mstaafu
Kuanzia Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, unapata 40. Jumapili ni ya Ufufuko, haihesabiwi. Kama uliahidi bila kutenga Jumapili, hilo ni kati yako na uliyemwahidi.

Kijana wa Mwanjelwa
Basi leo Jumapili nakwenda kwa mchoma. Nusu kilo na ndizi.

BintiTosa
Kijana!! Hata wiki haijaisha.

Mlima Rungwe
Ugonile. Sisi Wamoravian Kwaresima ipo, ila kwetu sijawahi kusikia mchungaji akisema acha hiki acha kile. Uzito uko Juma la Mateso. Kila jioni tunakutana, zinasomwa habari za siku ile ile, Yesu alifanya nini, alisema nini, mpaka kaburini. Ukikosa jioni moja unajisikia umemwacha mtu njiani. Na Pasaka alfajiri kabla ya jua tuko makaburini kwa wapendwa wetu, tunaimba. Ibada hiyo ya makaburini ilianzia Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1732, wamisionari wakaja nayo Rungwe mwaka 1891. Bibi yangu alikuwa haachi chakula chochote, ila juma hilo hagombani na mtu. Ukimchokoza anakwambia ngoja Jumatatu.

Mwanatheolojia Iringa
Naongezea kidogo kwa upande wetu Walutheri. Watu wanadhani Luther alifuta kufunga. Katekisimo Ndogo yake, pale kwenye Meza ya Bwana, inasema kufunga na kuuandaa mwili ni mazoezi mazuri ya nje, ila anayestahili hasa ni mwenye kuamini maneno yale "kwa ajili yenu". Aliyekwenda mbali ni Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi. Mwaka 1522 mjini Zurich, wakati wa Kwaresima, watu walikula soseji nyumbani kwa mchapaji vitabu aitwaye Froschauer. Zwingli alikuwepo, yeye hakula, lakini akapanda mimbarani kuwatetea kwamba Mkristo yuko huru. Mabishano ya leo hapa yana miaka zaidi ya 500.

Fundi wa Sido
Kumbe hata Ulaya waligombania nyama ya nguruwe.

MnyaNjombe
Wakuu tusihame kwenye mada, uzoefu. Nani ameacha pombe kabisa Kwaresima? Jirani yangu anataka kumwachisha mumewe kwa nguvu, amemwaga dumu zima.

Mama wa Mafinga
Nilikuwa nasoma tu, sikupanga kuandika. Hapo pa kuachisha pombe kwa nguvu nimeshindwa kunyamaza.

Mume wangu ni fundi wa mashine ya kupasua mbao, huko misituni. Wanalipwa jioni, wanakunywa jioni. Ilifika mahali asubuhi anaanza na komoni, pombe ya kienyeji, ili mikono itulie ndipo ashike kazi, mchana anaongeza, usiku pombe kali. Miaka. Kwaresima moja padre akahubiri habari ya baba anayekunywa ada ya mtoto, na mume wangu akaguswa kweli. Jumanne usiku akanywa ya mwisho. Jumatano akapakwa majivu, akarudi, akasema mbele ya watoto: mpaka Pasaka sigusi. Nililia kwa furaha.

Alhamisi asubuhi kikombe kilimshinda. Chai inamwagikia suruali, jasho linamtiririka, na nje mvua na baridi. Zahanati wakampa dawa za malaria, hawakuuliza kitu kingine. Usiku akakakamaa kitandani, macho juu, povu lina damu maana alijiuma ulimi. Mtoto wetu mkubwa ndiye alishika kichwa chake kisigonge ukuta.

Ijumaa hakuwa yeye tena. Anapangusa siafu kwenye shuka na siafu hamna. Anawaita wenzake wa mashineni kwa majina, "zima injini, zima, mkono umebaki ndani!" Jirani akaleta wapendwa wa kanisani kwake, wakaomba kwa sauti, wanasema pepo la pombe limekasirika kufukuzwa. Mama mkwe anasema amekunywa kwa siri, Mungu anamwadhibu kwa kuvunja nadhiri. Shemeji anasema mpeni komoni kikombe kimoja tu. Nyumba imejaa, kila mtu ana lake.

Nikatoka kwenye mvua nikasimamisha fuso la mbao. Tulimfunga kwa vitenge vyangu asijirushe, tukateleza na tope mpaka mjini. Hospitali tumemkuta tabibu kijana kabisa. Swali lake la kwanza: anakunywa? Kila siku? Ya mwisho lini? Nikasema Jumanne. Akawaita wenzake mbio. Dripu, sindano za vitamini, dawa ya kumtuliza. Baadaye akanikalisha akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, ubongo unachachamaa, na watu hufa hivyo. Akasema kuacha ni jambo jema mno, ila mtu wa namna hiyo aje kwanza, apewe dawa, asimamiwe.

Alipona, na pombe hajairudia. Lakini huyo jirani yako, MnyaNjombe, tafadhali mwambie leo hii. Usingoje kesho.

BintiTosa
Mama pole. Mwili umenisisimka. Huyo mtoto je, yuko sawa?

Mama wa Mafinga
Yuko sawa, mwanangu. Kwa muda mrefu alikuwa anaamka usiku kwenda kumsikiliza baba yake kama anapumua.

Kijana wa Mwanjelwa
Pole sana mama. Nimekosa hata neno.

Muuguzi Tukuyu
Aliyosema mama ni kweli tupu, nimewahudumia wengi na Kwaresima wanaongezeka. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo ni siku ya pili mpaka ya nne, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Anayekunywa mara moja moja aache leo, hana la kuogopa. Anayehitaji pombe asubuhi ili mikono itulie asiache peke yake nyumbani.

Fundi wa Sido
Kwa hiyo shemeji na kikombe chake alikuwa sahihi?

Muuguzi Tukuyu
Hapana. Aliyekwisha kukakamaa au kuchanganyikiwa hapewi kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, tafuta gari.

Mtumishi Uyole
Pole mama, utukufu kwa Mungu kwa uponyaji. Ila tusiondoe upande wa kiroho. Pombe ina roho nyuma yake, na roho hiyo haitolewi kwa dripu.

Mama wa Mafinga
Mtumishi, nakuheshimu. Wale wapendwa niliwashukuru na bado nawashukuru, waliacha kazi zao wakaja kwangu. Lakini wakati wanaomba, saa zilikuwa zinakwenda. Ombeni ndani ya gari. Mimi niliomba njia nzima.

Katekista Mstaafu
Ombeni ndani ya gari. Hilo nitalisema kigangoni Ijumaa.

Mtumishi Uyole
Hapo sina ubishi, mama. Nitawaambia na wa kwetu.

MnyaNjombe
Nimempigia jirani sasa hivi. Kumbe mumewe tangu jana anatetemeka na hataki chakula. Natoka kwenda kwao.

Muuguzi Tukuyu
Nenda. Mfikapo mseme mapema kabisa kwamba ni mnywaji wa kila siku na aliacha lini, wasianze kutafuta malaria.

Mama Lishe Mafiati
Wakati tunamsubiri MnyaNjombe niseme langu. Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Mchana hamna mteja. Wakristo wangu wananiambia tumefunga, Waislamu wamefunga, nabaki mimi na sufuria. Nimehamishia biashara jioni: uji wa ulezi, magimbi, viazi vitamu. Jua likizama benchi moja anakaa mwenye kanzu na mwenye rozari, kila mtu anapuliza kikombe chake. Mimi ni Msabato, Kwaresima hatuna, ila nimejifunza kutowapigia watu kelele za "karibu chipsi nyama" siku ya Ijumaa. Ni adabu tu.

Fundi wa Sido
Swali langu bado: mtogwa ni pombe? Ule ulanzi mtamu wa asubuhi, haujachacha.

Mlima Rungwe
Wa asubuhi bado ni mtamu. Saa nane mchana uulize tena.

Katekista Mstaafu
Kama umeacha ulanzi, umeacha ulanzi. Mtogwa anazaa mkangafu, ule uliochacha.

BintiTosa
Watoto wanakunywa mtogwa jamani, msizidishe.

MnyaNjombe
Tumefika hospitali. Amepokelewa, wameuliza maswali yale yale. Amewekewa dripu, mkewe yuko naye. Mama wa Mafinga, mke amesema nikusalimu sana, anaomba namba yako akiruhusu Mungu mzungumze.

Mama wa Mafinga
Mungu ni mwema. Nakutumia pembeni.

Morthodoksi wa Iringa
Nimechelewa kuona. Sisi Waorthodoksi tuko wachache hapa Iringa ila tupo. Kwetu hakuna majivu, tunaanza Jumatatu, na hakuna kuchagua cha kuacha: nyama, maziwa, mayai vinaondoka kwa wote, samaki pia. Samaki anaruhusiwa siku ya Kupashwa Habari Maria, 25 Machi, na Jumapili ya Matawi. Pasaka yetu mara nyingi inakuja baada ya yenu. Mwaka 2024 yenu ilikuwa 31 Machi, yetu 5 Mei. Ofisini wenzangu wanakula kitimoto cha Pasaka, mimi niko na maharage.

Mama Lishe Mafiati
Na mafuta ya alizeti?

Morthodoksi wa Iringa
Kwa anayeshika kanuni yote, mafuta kwa kawaida ni Jumamosi na Jumapili. Katikati ya wiki tunachemsha. Wagonjwa na watoto padre anawapunguzia.

Mama Lishe Mafiati
Ukipita Mafiati jioni niambie mapema, nitakutengea magimbi ya kuchemsha.