Ulinganisho: tamthilia ipi ya Kithai ya kutuliza moyo? Moonlight Chicken, A Tale of Thousand Stars au Love Destiny

Zawadi_Zamu (mleta uzi)

Habari za jioni wapendwa. Tangu Aprili nimehamishiwa kikazi kwenye mji ambao sina ndugu wala jirani ninayemjua kwa jina. Nikitoka zamu usiku nakula nimesimama jikoni, naoga, nalala. Tamthilia za Kikorea nimetazama nyingi mno. Za Kituruki nazipenda, ila sehemu mia na ushee siziwezi tena.

Mwenzangu kazini kanielekeza za Kithai. Ninachotaka ni mapenzi, ndiyo, lakini yasiwe peke yake. Nataka watu wasiochangia damu wawe ndugu. Mtu aingie nyumba ya wengine akiwa mgeni, mpaka ifike siku akichelewa wamfunikie chakula. Nimetajiwa hizo tatu hapo juu. Kwa sasa muda wangu unatosha moja. Mliozitazama, nianze na ipi? Naombeni msinimwagie mwisho.

Bi_Salma_Barazani

Karibu Zawadi, na pole kwa upweke wa mji mgeni. Anza na Moonlight Chicken.

Ni sehemu nane tu. Ilitoka Februari 2023 na mwanzoni mwa Machi ikawa imekwisha. Aliyeiongoza ni Noppharnach Chaiwimol, ambaye mashabiki humwita Aof. Mahali ni Pattaya, lakini sahau Pattaya ya watalii. Hii ni ya kiduka cha wali wa kuku kinachofanya kazi usiku. Mwenye duka ni Jim, amechoka, ana madeni, na moyo kaufunga tangu mpenzi wake alipofariki. Anamlea mpwa wake Li Ming, mtoto wa dada yake. Usiku mmoja mteja aliyelewa, jina lake Wen, anabaki mezani hadi saa za kufunga, na kisa kinaanzia hapo.

Nikwambie mapema ili ujue unachokifungua: Jim na Wen ni wanaume wawili, na tamthilia inawachukulia kama wapendanao wengine wowote. A Tale of Thousand Stars nayo ni vivyo hivyo. Love Destiny ni ya mwanamke na mwanamume.

Sasa kilichonishika mimi ni ule wali. Wathai wanauita khao man gai. Kuku anachemshwa mzima kwa moto wa taratibu, halafu mchele unapikwa kwa mafuta na supu yake yule yule kuku. Pembeni kuna tango, kibakuli cha supu, na mchuzi wa soya iliyochachushwa wenye tangawizi na pilipili. Ni chakula kilichokuja na Wachina wa Hainan. Hata jina la tamthilia kwa Kithai limefumwa humo, Phra Chan Man Kai: phra chan ni mwezi, man kai ni mafuta ya kuku.

Karibu kila anayegeuka ndugu kwenye kisa hiki amepitia kwenye wali huo. Yuko Saleng, kijana wa kazi pale dukani, na mpenzi wake Praew ambaye ni mjamzito. Yuko Gaipa, anayemletea Jim kuku na kumpenda kimoyomoyo miaka nenda rudi. Hutamsikia mtu akitangaza kwamba wao ni familia. Wanafuta meza, wanagombana kuhusu pesa, kesho wanarudi. Undugu ni kufaana si kufanana, na mimi sijaona tamthilia iliyoonyesha huko kufaana kwa vitendo vidogo namna hii.

Mwl_Kibwana

Bi Salma, shikamoo. Nakubali kila neno kuhusu kuku, ila kwa alichoomba Zawadi ningempeleka kwanza mlimani.

A Tale of Thousand Stars ina sehemu kumi, ya mwaka 2021, mwongozaji ni huyo huyo Aof. Tian ni kijana wa familia tajiri ya mjini ambaye moyo wake ulikuwa unamfelisha. Anapandikizwa moyo wa Torfun, mwalimu wa kujitolea aliyefariki. Anapata shajara ya yule dada, anaisoma, kisha anafunga safari hadi Pha Pun Dao, kijiji cha milimani kaskazini, kufundisha watoto wale wale aliowaacha marehemu. Huko anakutana na Phupha, mkuu wa askari wa msitu.

Nikiwa na miaka 23 nilipangiwa shule mbali na lami. Siku ya kwanza nilishindwa kuwasha jiko la kuni, na mama mmoja ambaye hatukuwa tumesalimiana bado akaja akaliwasha, akaondoka. Tian anapopambana na ndoo ya maji na nguo chafu nilijiona mwenyewe. Watoto wanamwita khru, yaani mwalimu, na neno hilo linabadilika uzito kadiri sehemu zinavyosogea. Mwanzoni ni cheo, baadaye ni jina lake kabisa. Mapenzi yake na Phupha yanakwenda polepole sana, na katikati yake kuna watu wazima wa kijiji wanavyopunjwa kwenye majani yao ya chai, na hesabu za darasani zinavyokuja kuwa ngao.

Kuna tofauti moja na ya kuku ambayo kwangu ndiyo inayoamua. Kwa Jim familia ipo tayari, imechakaa, inahitaji kushonwa. Kwa Tian haipo. Anaingia mikono mitupu, amebeba moyo wa mtu mwingine. Mgeni ni yeye. Zawadi, wewe umesema uko mji usio na ndugu.

Neema_Muscat

Mimi niko Muscat, mama yuko Tanga. Kila Ijumaa kila mmoja anatazama kwake, halafu tunapigiana simu. Love Destiny tuliimaliza hivyo, sehemu zote 15, na kila moja ni ndefu, zaidi ya saa nzima. Kwa mtu anayetoka zamu nakiri ni mzigo. Lakini msiipuuze.

Ilirushwa na Channel 3 mwaka 2018. Kadesurang, msichana wa leo aliyesomea mambo ya kale, anakufa ajalini na roho yake inaingia kwenye mwili wa Karakade, binti wa Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Wathai, karne ya 17, zama za mfalme Narai. Sasa sikieni ugumu wake. Huyo Karakade alikuwa katili, nyumba nzima inamchukia, na wajakazi wake Pin na Yaem wanatetemeka akiinua mkono tu. Wa kuolewa naye, Por Date, hataki hata kumtazama. Kadesurang hana mtu dunia ile, tena kavaa uso ambao watu tayari wanauogopa. Anauosha uso huo kwa chakula na vicheko. Anatengeneza chujio la maji kwa mkaa na mchanga, anaagiza chuma cha kuchomea nyama ili nyumba nzima ikae na kula pamoja. Mama alilia siku wale wajakazi walipoacha kumwogopa.

Ilipokuwa hewani Wathai walikwenda kwa wingi Wat Chaiwatthanaram, lile hekalu la kale kando ya mto Chao Phraya, wakiwa wamevaa mavazi ya kizamani. Kile kiwakilishi cha zamani cha kumwita mtu, o-chao, kikawa midomoni mwa kila mtu nchini kwao.

Juma_Fundi_Redio

Neema, ni nzuri, ila je, hiyo ni familia ya kujiundia? Karakade ni yatima aliyehifadhiwa kwenye nyumba ya wakubwa na ameshaposwa na mtoto wa nyumba. Akishaolewa ni mkwe. Hiyo ndiyo familia ya kawaida tunayoijua sote. Tena ndani ya nyumba hiyo wako watumwa, na tamthilia inalipita jambo hilo kwa wepesi kuliko ninavyotaka.

Neema_Muscat

Kuhusu watumwa nakubaliana nawe, hata mama alilisema. Kuhusu ukwe, hapana. Uchumba ulikuwepo kabla yeye hajafika, na haukumpa hata salamu njema asubuhi. Aliyemfanya ndugu ni Pin na Yaem, na hao hawakufungishwa naye ndoa.

Kaka_wa_Rehema

Naongeza jambo ambalo Bi Salma hakuligusa. Mdogo wangu Rehema hasikii tangu akiwa na miaka sita. Kwenye Moonlight Chicken yumo kijana anaitwa Heart, aliyepoteza usikivu baada ya kuugua, na wazazi wake kwa kumwonea huruma wamemfungia kwenye nyumba kubwa nzuri. Li Ming anajifunza lugha ya alama kwa ajili yake. Anakosea, anarudia, anakosea tena.

Rehema anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, na ya Kithai ni lugha nyingine kabisa, hakuielewa. Lakini alinisimamisha na kunionyesha mikono ya Li Ming, akaniambia huyu anaongea kama wewe ulivyokuwa unaongea mwanzo, vidole vigumu. Tulirudia kipande hicho mara tatu. Nyumbani kwetu baba alichelewa sana kujifunza. Alipoanza, Rehema alikuwa na miaka kumi na tano.

Kwa hiyo kura yangu ni ya kuku, na sababu yangu ni hao vijana wawili kuliko Jim na Wen.

Asha_K

Jambo moja kwa mtakaotegemea tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini. Wathai wanaitana kwa maneno ya ukoo hata wasipokuwa ndugu. Phi ni kaka au dada aliyekuzidi umri, nong ni mdogo wako. Muuza duka anaweza kuwa phi, mhudumu mezani anaweza kuwa nong. Tafsiri mara nyingi inayafuta hayo na kuweka jina tupu, na mtazamaji anakosa lini mtu alianza kuitwa kwa neno la ndugu na lini aliacha. Sisi tunaomwita muuza vitumbua mama na kondakta kaka tuna bahati, tukitega sikio tunalipata. Kwenye hizi zote tatu, sikilizeni maneno, msisome tu.

Hili la familia mko sawa wote, ila kwa mtu aliyechoka ningeangalia urefu. Nane, kumi, kumi na tano. Anza na nane.

Mwl_Kibwana

Asha, hapo umenishinda kwa hesabu. Zawadi, ukianza na kuku, fahamu tu kwamba Jim na Phupha ni mwigizaji mmoja, Earth Pirapat, na Wen na Tian ni mmoja pia, Mix Sahaphap. Wengi walianza na mlima, wakafika kwa kuku wakiwa wameshawapenda. Ukigeuza utaratibu haitaharibika, ila utawaona vijana baada ya kuwaona wamechoka na maisha.

Zawadi_Zamu

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Maneno ya mwalimu kuhusu mgeni ni yangu kabisa, nitaupanda huo mlima. Ila juzi nilirudi saa nne usiku, nikasema nifungue ya kuku dakika kumi tu. Nimeipata kwenye chaneli ya GMMTV YouTube, kila sehemu imekatwa vipande vinne, inafaa kwa bando langu. Nimeshafika ya tatu.

Kaka wa Rehema, nilipomwona Heart nilikukumbuka. Msalimie mdogo wako.

Nina swali moja kwa Bi Salma. Jumapili sina zamu, na ghorofa ya chini kuna dada muuguzi ambaye huwa tunapishana ngazini. Nataka kumwalika. Ule mchuzi wa soya iliyochachushwa unapatikana wapi?

Bi_Salma_Barazani

Mimi sikuupata, mwanangu. Nilichukua soya ya kawaida ya chupa, nikatia tangawizi nyingi iliyotwangwa, kitunguu saumu, pilipili mbuzi moja, ndimu na sukari kijiko cha chai. Ulifaa sana. Mafuta yanayoelea juu ya supu usiyamwage, ndiyo ya kukaangia mchele kabla hujautia supu. Kama kuku ni wa kienyeji mwanzishe mapema, atakuchukua zaidi ya saa moja, na moto usiwe mkali, nyama itakaza. Mchele pimia watu watatu.