Hadtopu ya kukodisha yenye hema juu: nichukue au niachane nayo?

Mwalimu_Kibosho

Wakuu, habari za jioni. Nimestaafu ualimu mwaka huu, kiinua mgongo kimeingia, na kabla hakijaanza kujadiliwa kwenye vikao vya ukoo nataka nitimize jambo moja ambalo mimi na mama watoto tunalisema tangu tuna nywele nyeusi: kuizunguka nchi hii taratibu. Singida, Tabora, Katavi, tukalale Kipili kando ya Ziwa Tanganyika, kisha turudi kwa njia ya kusini. Nimefundisha jiografia miaka 34 na ziwa hilo nimelionesha kwa fimbo ubaoni tu.

Kuna kampuni Arusha inawakodishia magari wageni wanaojiendesha wenyewe. Sasa wanapunguza ya zamani. Nimeoneshwa Land Cruiser hadtopu ya 2006, injini 1HZ, imetembea kilomita 418,000. Juu ina hema mbili za kukunjua, nyuma kuna droo za vyombo, jiko la gesi, friji ndogo na betri ya pili. Wanataka milioni 64, "maongezi yapo". Mama alipanda ngazi, akalala kwenye lile godoro dakika mbili, akashuka akasema la bweni la Kidato cha Kwanza lilikuwa afadhali.

Kijana wangu ananiambia gari la kukodi halina mwenye uchungu nalo, niachane nalo. Mimi naona wao ndio walikuwa wanalipeleka sevisi kila mara. Nani yuko sahihi?

FundiSpana

Shikamoo mwalimu. Wote mko sahihi, ndiyo maana hiyo biashara ni ngumu.

Kilomita zisikutishe. 1HZ ni silinda sita, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kukuzimia porini. Ikitunzwa, laki nne siyo uzee. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana kila kilomita laki moja unatakiwa utoke, na usikubali jibu la mdomo. Wakuoneshe daftari la sevisi.

Pili, wapigie simu jana yake uwaambie wasiiwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla ya salamu, weka kiganja kwenye boneti. Injini ya dizeli iliyochoka inajisema asubuhi ikiwa baridi. Ikishapashwa moto inakuwa na adabu kama mgeni. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili uone inapumua kiasi gani. Fungua na cha rejeta, lakini hicho ukifungue kabla haijawashwa, usije ukaungua.

Ila mimi nikienda kukagua gari la namna hiyo, injini naiangalia mwisho. Naanza kulala chini. Chesisi, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Gari limebeba hema mbili, matanki ya maji, madumu na wageni wanne, miaka yote. Ukiona rangi nyeusi mpya sehemu moja tu na kwingine kote ni vumbi, ikwangue. Chini ya rangi hiyo mara nyingi kuna mshono wa weldingi.

Simba_wa_Naabi

Nimeendesha watalii miaka kumi na sita, na nimewavuta wanaojiendesha wenyewe kwenye tope mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Mwalimu, wengi kwao wamezoea gari la otomatiki. Anafika hapa anapewa gia za mkono, usukani upande asiouzoea, na barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Seronera yenye mawimbi yanayong'oa meno. Klachi inalia. Mwingine anaweka fowili, magurudumu yote manne yavute, asubuhi getini, anasahau, anarudi nayo hivyo hivyo kwenye lami mpaka Arusha. Hapo unakula gia boksi na difu.

Kwa hiyo ukijaribu, usizunguke mjini. Tafuta mlima, simama katikati, ondoka. Klachi ikiteleza utaisikia kabla hujaiona. Weka fowili kwenye vumbi, gia nzito na nyepesi, nenda mbele na nyuma. Halafu angalia ndani ya ringi za mbele kama kuna girisi iliyochanganyika na oili inatiririka. Ikiwepo, sili zimekufa.

Na fungua hema zote mbili, zipu zote. Hema la kukodi hukunjwa likiwa bichi kwa sababu mgeni anawahi ndege.

Mkorofi Halali

Mzee wangu, milioni 64 ukalale juu ya gari? Gesti safi Sumbawanga elfu 25 na chai asubuhi. Piga hesabu.

Mwalimu_Kibosho

Nimepiga. Ni usiku 2,560, yaani miaka saba na siku tano. Hesabu yako haina kosa, ila gesti haina magurudumu.

FundiSpana, marahaba mwanangu. Nakutumia ujumbe pembeni.

Mtoto wa Pangani, Arizona

Shikamoo mwalimu. Huku Marekani watu wananunua sana nyumba za magurudumu zilizotoka kwenye kampuni za kukodisha, na mimi ni mmojawapo. Yangu ni ya Ford E-450, injini ya V10 ya lita 6.8, niliichukua ikiwa na maili 128,000. Wote walinicheka. Injini haijawahi kunisumbua, maana kampuni ilikuwa inabadilisha oili kwa ratiba kuliko mimi ninavyofanya sasa. Na kwa kuwa zinatengenezwa kwa ajili ya wageni wasiojali, hazina madoido: sakafu haina zulia, hakuna ukuta wa kusukuma nje kuongeza nafasi. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Kilichoniumiza ni maji. Pembe moja ya paa ilikuwa inavuja kidogo kidogo, mbao za ndani zikaoza bila mtu kujua. Niligundua siku nilipoegemea ukuta nikaona unabonyea kama mkate. Kwako wewe tafuta kutu: mfereji wa paa pale hema zinaposhikizwa, na chini ya raba ya kioo cha mbele.

Na matairi. Yangu yalikuwa na kashata nzuri kabisa, moja likapasuka jangwani. Soma namba nne ubavuni. Ikiandikwa 3514, ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi linazeeka hata likiwa limesimama.

Wakala Mpole

Mmezungumza vyuma vyote mkasahau karatasi. Mwalimu, gari hilo liliingiaje nchini?

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inawapa wenye leseni ya utalii msamaha wa ushuru kwa magari yaliyotengenezwa maalumu kwa watalii. Msamaha huo unafuata matumizi. Gari likiuzwa kwa mtu binafsi wa matumizi mengine, ule ushuru uliosamehewa unadaiwa. Kama muuzaji hajaulipa, utakwama siku unakwenda kubadilisha kadi, na hapo milioni 64 si bei tena.

Siyo magari yote ya kampuni hizo yana msamaha. Mengine yalilipiwa kama ya kwako na ya kwangu. Ndiyo maana unaomba nyaraka za forodha, zile alizotolea gari bandarini. Soma na kadi: kama kuna jina la benki, mkopo bado upo. Na ingiza namba ya gari mtandaoni uone faini za barabarani, wageni hukimbia sana halafu wanapanda ndege.

Wambo wa Nakuru

Mzee, mimi nashangaa kitu kimoja. Si hiyo gari ni ya kukodisha? Basi ikodishe! Siku nne, wewe na mama. Mkirudi mtakuwa mnajua kama klachi iko sawa, na kama mama ataweza kushuka hiyo ngazi saa nane usiku akitafuta choo. Mwambie muuzaji mkikubaliana, hizo pesa zikatwe kwenye bei.

Mkorofi Halali

Huyu wa Nakuru apewe maua yake.

Mwalimu_Kibosho

Mrejesho, wakuu. Leo nimekwenda na FundiSpana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa tumeomba isiwashwe. Fundi hakusalimia mtu, aliweka kiganja kwenye boneti, akanitazama. Ilikuwa ya moto.

Kijana wa pale akasema aliisogeza tu. Tukanyamaza. Fundi akalala chini na tochi, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Alipotoka alikuwa na bisibisi yenye rangi nyeusi mbichi kwenye ncha. Mshono upo, upande wa kulia nyuma, urefu wa kiganja changu.

Nikaomba nyaraka za forodha. Meneja akasema hayo mambo ya ushuru "tutamalizana hukohuko mbele". Nikamwambia nimesahihisha mitihani miaka 34, jibu la namna hiyo nalijua. Bei ikashuka palepale mpaka 51 bila mimi kufungua mdomo, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Wazo la kuikodi siku nne nililitoa. Wakasema haipo tena kwenye orodha ya kukodishwa. Sababu hawakuitaja.

Mama alikuwa amebaki garini na chupa ya chai. Aliponiona uso akasema, "Hata lile godoro sikulipenda."

Kuna nyingine, ya 2004, hema moja, ya kampuni ndogo hapa Moshi. Hawa wamenitumia picha ya karatasi za forodha kabla sijaziomba, ushuru umelipwa wote. FundiSpana, Jumamosi una nafasi?

FundiSpana

Nipo mwalimu. Waambie wasiiwashe.